Upande wa Ndani wa Koti

Nianze na ubaya wangu mwenyewe, ili msomaji asipoteze muda kuutafuta. Nilimwonea wivu Mkuu wa chuo chetu kwa miaka kumi na minane, na sina uhakika kama nimeacha. Sikumchukia. Mtu unayemchukia unaweza kumkwepa, ukabadilisha njia, ukahamia ofisi ya mbali. Mimi nilisimama hatua moja kutoka begani kwake karibu kila Jumapili, Biblia mkono wa kushoto, nikingoja amalize sentensi yake ili niiseme upya kwa Kinyarwanda.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kwake, ukalimani. Darasani nilikuwa mwalimu wa homiletiki, yaani somo la kuhubiri, na huko hakuna aliyenisumbua. Lakini Mkuu alirudi Rwanda akiwa mtu mzima, na Kinyarwanda chake kilikuwa cha kununulia nyanya na kuulizia habari za watoto. Alikielewa chote, hata utani wa ndani kabisa. Kukihubiria ndiko alikokataa. Alisema mtu anapaswa kuhubiri kwa lugha aliyoililia utotoni, na yeye alikuwa amelia kwa Kiswahili. Mimi ni mzaliwa wa Nyamirambo, mtaa wa Kigali, mtoto wa fundi cherehani. Kiswahili nilikikuta chumbani na Kinyarwanda nilikikuta mlangoni. Bodi ya chuo ilipotafuta wa kusimama naye mimbarini, haikuhangaika.

Bodi hiyohiyo ndiyo iliyoniondoa kwenye kiti. Kabla hajaja nilikuwa nimekaimu ukuu wa chuo kwa mwaka mzima. Nilikuwa nimekwisha kuagiza mapazia ya ofisi, ya kijani, nikijua rangi hiyo itatuliza macho yangu kwa miaka mingi. Kisha tukaitwa kwenye kikao huko Kacyiru, tukaambiwa amepatikana mwanatheolojia aliyeandika vitabu viwili vinene juu ya manabii, aliyefundisha ng'ambo, na ambaye amekubali kuja kwetu kwenye chuo chetu kidogo cha mteremkoni. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nadhani kwa sauti kuliko wote. Mapazia yalifika wiki aliyohamia, akayasifu sana, akauliza ni nani mwenye jicho zuri namna hiyo.

Alikuwa mfupi, mwenye kichwa kikubwa na sweta moja la kahawia ambalo sikuwahi kuliona likifuliwa wala likiwa chafu. Mfukoni alikuwa na vipande vya tangawizi mbichi alivyotafuna kabla ya kuhubiri, na ukisimama karibu naye kama mimi, mahubiri yote yalinukia chai. Chuoni hakuna aliyefika kabla yake. Nilijaribu. Kwa mwezi mmoja niliamka mapema nikashuka na gari langu kabla ya foleni ya asubuhi, na kila siku nilimkuta ameketi kwenye ngazi za maktaba akisoma, akinipungia mkono kwa furaha kana kwamba tulikuwa tumepanga kukutana. Nikarudia saa zangu za kawaida.

Gari lenyewe nalo lina kisa. Siku ya mahafali ya kwanza chini yake nililiosha mwenyewe, nikapaka matairi rangi nyeusi, nikaegesha mahali ambapo wageni wasingeweza kulikosa. Mkuu alikuja na pikipiki ya abiria. Alishuka mbele ya maaskofu, akamrudishia dereva kofia, akafungua kifurushi cha kitenge, akatoa joho lake la udaktari na kulikung'uta hadharani kama mtu anayekung'uta shuka. Watu walicheka, wakampenda. Kwenye picha za siku ile gari langu linaonekana mara moja tu, nyuma, na kwenye kioo chake kuna sura ya Mkuu akivaa joho.

Hata umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ilikuwa yake. Hakujua kushika jembe. Alichimba mtaro kama mtu anayechokoa meno, na kila baada ya dakika tano aliomba kuelekezwa tena na mama yeyote aliyekuwa karibu. Akina mama waligombania kumwelekeza. Mimi nililima mita zangu zikanyooka, nikamaliza, nikaegemea mpini nikiwatazama. Nilijua wakati ule kwamba kuna watu ambao hata kutojua kwao kunapendwa, na kwamba mimi si mmoja wao.

Sitaki aonekane malaika. Alikuwa na makosa yake, na niliyahifadhi vizuri. Alihubiri juu ya uvumilivu na hakuweza kusimama kwenye foleni ya benki. Alisahau majina ya wanafunzi, akawaita wote mtumishi, lakini akikutana na mmoja wao angemuuliza mguu wa mama yake umeponaje. Alimsamehe kijana aliyenakili nusu ya tasnifu, akamwandikisha upya mwenyewe, ila mwalimu mwenzetu aliyesema Kiebrania hakina faida kwa mchungaji wa kijijini hakumsalimu kwa muhula mzima. Na alikuwa bahili wa sifa. Katika miaka yote ile, tukimaliza ibada, neno aliloniambia lilikuwa moja tu. Alifunga Biblia yake, akanipa, akasema, "Twende."

Kunipa Biblia ilikuwa desturi, na niieleze. Kwetu mhubiri akimaliza husimama mlangoni kupokea mikono ya watu, na mkalimani humbebea Biblia na daftari ili mikono yake iwe huru. Basi mimi nilisimama nyuma yake na Biblia mbili kwapani. Waumini walimshika mkono, wakamwambia jinsi maneno yake yalivyowagusa, na maneno waliyomrudishia yalikuwa yale niliyoyasema mimi kwa mdomo wangu. Siku moja bibi mmoja wa Kabeza, muuza mboga aliyekulia Bujumbura na aliyekuja kila Jumapili kwenye ibada ya chuo, alimaliza na Mkuu akanigeukia mimi kwa huruma.

"Sauti yako iko nzuri sana, pasiteri," alisema. "Siku moja na wewe Mungu atakupatiya ujumbe."

Mkuu alijifanya hakusikia. Wanafunzi waliokuwa karibu walisikia, na kuanzia hapo wakaniita Haruni, kwa sababu katika kitabu cha Kutoka Haruni alipewa kuwa kinywa cha Musa. Mkuu alipolisikia jina hilo alikasirika kweli, akalikataza darasani. Alisema mtu ana jina alilopewa na wazazi wake. Hilo nalo lilinichoma, maana alinitetea vizuri kuliko ambavyo ningejitetea.

Kitu alichotuachia kinachojulikana zaidi ni Saa ya Mawe. Kila Alhamisi, baada ya mwanafunzi au mwalimu kuhubiri katika kanisa dogo la chuo, mhubiri huyo aliketi mbele kwenye kigoda cha miguu mitatu, na waliobaki walimrushia mawe, yaani walimwambia kilichokosekana katika mahubiri yake. Mtu yeyote aliruhusiwa kurusha, hata mpishi. Aliyeketi hakuruhusiwa kujieleza wala kujitetea. Neno lake lilikuwa moja, asante. Akisema la pili, alirudi kuhubiri wiki iliyofuata. Nimeona wanaume wenye ndevu wakilia kwenye kigoda kile, na nimeona mchungaji mmoja wa makamo akisema "asante, lakini" mara tatu mfululizo na kuhubiri majuma matatu mfululizo.

Mkuu aliketi wa kwanza. Alirushiwa mawe na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyemwambia kwamba anapenda mno manabii wenye hasira kwa sababu yeye mwenyewe ana hasira. Akasema asante, akatabasamu, na nikaona ametabasamu kweli. Mimi sikuketi hata mara moja. Mkalimani hakuhesabiwa kuwa amehubiri, kwa hiyo mawe yote yalikwenda kwa Mkuu. Ratiba ilipopangwa na jina langu likapendekezwa, nilisema ninatosheka na kutafsiri. Nilisema hivyo kwa unyenyekevu mwingi. Wenzangu waliamini ni unyenyekevu.

Sasa niseme jinsi tulivyofanya kazi, kwa sababu kesi yangu yote iko hapo. Mkuu hakunipa mahubiri mapema. Alipanda na daftari la shule lenye jalada la buluu, akasema sentensi mbili tatu, akanyamaza. Mimi nikazisema. Alikuwa na namna ya kunyamaza ghafla, wazo likiwa bado halijakomaa, na mwanzoni nilidhani ni uzembe wa msomi. Nilimalizia. Nani angeliacha wazo likining'inia mbele ya watu mia mbili? Kidogo kidogo nikaanza kuongeza mfano hapa, swali pale. Niliongeza kwa siri, na siri ilinipa raha ambayo sikuipata darasani. Kila mara watu walipoguna kwa kukubali, nilijua mguno upi ni wake na upi ni wangu. Wangu ulikuwa mkubwa zaidi. Niliihesabu moyoni.

Mguno mkubwa kuliko yote ulikuwa siku ya koti. Alihubiri juu ya Samweli nyumbani kwa Yese, pale wana wenye urefu na sura nzuri wanapopita mbele ya nabii na kukataliwa. Alisema kwa Kiswahili kwamba Mungu hatazami sura, hutazama moyo. Akanyamaza. Ni jambo ambalo kila mtoto wa shule ya Jumapili analijua. Marehemu baba yangu alinijia pale pale mimbarini, ameketi kwenye baraza lake la Nyamirambo na tepu shingoni, mteja amemletea koti la kujivunia kutoka kwa fundi mwingine. Nikasema kwa Kinyarwanda kwamba Mungu ni fundi aliyeletewa koti. Hatazami vifungo wala kola. Analigeuza nje ndani, na anaupitisha mkono polepole juu ya mshono ambao mwenye koti alidhani hakuna atakayeuona.

Mguno ulikuja kutoka nyuma. Mkuu aligeuka akanitazama. Halafu akaendelea kwa Kiswahili, akauliza ule mshono wetu wa ndani umeshonwa kwa uzi gani, na akaenda nao mpaka mwisho wa mahubiri kana kwamba koti alikuja nalo kutoka nyumbani. Mlangoni kila mtu alimshukuru kwa koti. Alisema, "Asanteni." Kwangu akasema, "Twende."

Lile koti lilitembea Kigali nzima. Nililisikia redioni, nikalisikia kwenye harusi, nikalisikia kwa dereva wa basi aliyekuwa akimkemea konda. Mwishowe wanafunzi waliomaliza walilipaka ukutani kwenye bwalo la chakula kwa herufi za buluu, na chini yake wakaandika jina kamili la Mkuu na shahada zake zote. Nilikula maharage chini ya ukuta ule kwa miaka kumi na mmoja. Sikumwambia mtu. Nilingoja yeye aseme. Kila muhula ulioanza nilijiambia huu ndio atakaosema, na kila muhula ulipokwisha niliongeza kosa moja kwenye akiba yangu. Mwishowe nikaanza kujitilia shaka. Mtu akila chini ya uongo muda mrefu huanza kuuona ni ukuta tu.

Alistaafu, akahamia nyumba yake ndogo Kabeza. Ukuu ukapewa mtu wa umri wa wanangu, na ajabu ni kwamba hilo halikuniuma hata kidogo. Kamati iliundwa kutoa kitabu cha mahubiri yake, na kwa kuwa mimi ndiye niliyezijua lugha zote mbili na sauti zote mbili, nikapewa rekodi zote nizisikilize na kuziandika.

Nilianza na siku ya koti. Nilifunga mlango wa ofisi, nikavaa vifaa vya masikioni. Sauti yake ilisema Mungu hatazami sura, hutazama moyo. Kimya. Halafu sauti yangu, changa, yenye haraka, ikaleta fundi, koti, vifungo, kola, mshono. Nilirudia mara sita. Nilikuwa na haki. Nilicheka peke yangu, kisha nikaona nimechoka mno, kisha nikachukua kinasa sauti chenye rekodi hiyo nikaenda Kabeza mchana ule ule.

Alinipokea uani, sweta lile lile, akiwa amekonda. Mke wake alituletea chai akaingia ndani. Nyumba iko karibu na njia ya ndege zinazotua Kanombe, na kila ndege ilipopita Mkuu alinyamaza katikati ya sentensi akangoja, bila kukunja uso, namna ileile aliyoningoja mimi kwa miaka kumi na minane. Sikuulizia afya yake. Niliweka kinasa sauti mezani nikabonyeza. Tulisikiliza mpaka mwisho wa mguno.

"Mkuu, hili koti ni langu," nilisema.

"Ni lako," alisema.

"Ulijua?"

"Nilikuwa nimesimama pale, ndugu yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano, na sikuwa nimejiandaa kwa hilo. Nikamuuliza kwa nini basi aliacha jina lake likae ukutani miaka yote ile. Akasema hakuliandika yeye, na kwamba kila alipoingia bwaloni aliniona nimeketi chini yake, akajiambia leo atasema. Akaniuliza kwa nini sikusema. Ndege ilipita, nikashukuru kwamba ilipita polepole.

Ilipokwisha alimwita mke wake akamwomba zile daftari. Zilikuja kwenye kikapu, za buluu, kingo zimekatika. Akachagua moja ya miaka ya mwanzo akanifungulia. Ukurasa ulikuwa umejaa wino mpaka pembeni, hata hewa haikuwa na pa kupita. Kisha akafungua nyingine, ya majuma machache baada ya siku ya koti. Hapo mistari ilikatika. Sentensi mbili, halafu mistari mitatu mitupu, na pembeni herufi moja, H. Sentensi nyingine mbili, nafasi nyingine, H. Nikafunua kurasa. Nikachukua daftari la tatu, la nne, la tisa. Kila mahubiri yalikuwa na nafasi hizo. Pale nilipodhani amekwama, alikuwa amenyamaza kwa kupanga. Pale nilipodhani naiba, nilikuwa nimetengewa.

Nikamuuliza H ni nini, ingawa nilijua.

"Haruni," alisema. "Darasani nilikataza, kwa sababu walilisema kwa kukucheka. Mimi sikuwa nacheka. Niliona nikijaza kila mahali, wewe huna pa kusimama."

Mtu mwema angelia hapo. Mimi nilitaka kulia, na nilitaka pia kumpiga kichwani kwa daftari namba tisa. Maana kwa miaka kumi na minane nilikuwa na kitu kimoja tu changu, ile raha ya siri ya kuongeza, na sasa hata hiyo ilikuwa imeandikwa kwenye daftari lake kwa mkono wake kabla sijafungua kinywa. Wivu ulinipanda upya, mbichi, kama siku ya mapazia. Nikasema kwa ukali kidogo kwamba basi kitabu kiwe na majina mawili kwenye jalada. Alikubali mara moja. Alisema ndivyo alivyotaka kuiandikia kamati, ila alikuwa akingoja niombe.

Ningeishia hapo ningekuwa nimepata nilichokifuata. Lakini mdomo wangu haukutosheka. Nikauliza, "Lipi litangulie?"

Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Alipopata pumzi aliniambia nihubiri kwanza, ndipo tutajua. Kanisa lao pale Kabeza lilikuwa na ibada ya Kiswahili kwa ajili ya watu waliotoka Burundi na Kongo, ila majirani wasiokijua vizuri walikuja pia. Nihubiri Jumapili ijayo, kwa Kiswahili changu cha Nyamirambo, naye atasimama kutafsiri.

"Kwa Kinyarwanda gani, Mkuu?"

"Cha nyanya," alisema.

Niliandaa mahubiri yale kama mtu anayeandaa kesi. Nilichagua Barnaba. Wanaosoma Matendo ya Mitume kwa makini wanajua kwamba mwanzoni imeandikwa Barnaba na Sauli, na baada ya kurasa chache tu imekuwa Paulo na Barnaba. Hakuna aliyeeleza. Yule aliyemshika mkono mgeni na kumwingiza kwa mitume akajikuta jina la pili. Niliona ni ujumbe mkubwa, na ulikuwa na maneno makali ambayo nilijua yeye, akiwa ubavuni mwangu, angelazimika kuyasema kwa mdomo wake mwenyewe.

Aliyasema. Siku ile alisimama hatua moja nyuma ya bega langu, ananukia tangawizi, Biblia mkono wa kushoto. Sentensi yake ya kwanza ilichekesha kanisa zima, kwa kuwa matamshi yake yalikuwa ya mtu anayeomba apunguziwe bei, naye akacheka pamoja nao. Baada ya hapo hawakucheka tena. Alitafsiri kila neno nililolisema. Hakupunguza, hakupamba, hakuongeza hata pumzi. Nilipotoa wazo zuri, lilikuwa zuri kwake. Nilipotoa wazo lisiloiva, nalo lilitoka kwake vilevile bila kuiva, na nikalisikia kwa mara ya kwanza kwa masikio ya watu waliokaa. Nilifika mahali pa Barnaba kushuka jina, nikasema kwamba naye alikuwa mtu, nikanyamaza. Nikamtazama. Akasema kwa Kinyarwanda kwamba naye alikuwa mtu, akanyamaza. Watu walitungoja wote wawili. Sikuwa na kingine.

Baada ya ibada hakuna aliyetoka. Mkuu alikuwa ameomba kigoda kutoka jikoni kwa mama mmoja wa jirani, akakiweka mbele mwenyewe kwa kuinama polepole, akawaeleza watu wa Kabeza desturi yetu ya Alhamisi. Akanitazama. Miaka kumi na minane nilikuwa nimekikwepa kigoda, na sasa kilikuwa mita mbili kutoka miguu yangu, kina masizi. Niliweka Biblia yangu sakafuni, nikaketi. Magoti yangu yalipanda karibu na kidevu.

Jiwe la kwanza lilitoka kwa yule bibi muuza mboga, ambaye alikuwa ameketi mstari wa mbele.

"Pasiteri, huyu Barnaba alikosa nini kwa moyo wake?" aliuliza. "Mimi niko nangoja useme, na hausemi."

Nilisema asante. Kijana mmoja akasema nilikuwa kama ninamsema mtu ambaye hawamjui. Asante. Mzee mmoja akasema sauti yangu ni nzuri, ila nilikuwa na haraka. Asante. Nikadhani yamekwisha, nikaanza kuinuka.

"Nina jiwe moja," alisema Mkuu.

Hakusimama mbele yangu. Alibaki pale pale mahali pa mkalimani, hatua moja nyuma ya bega, ikanibidi nigeuke kwenye kigoda ili nimwone.

"Kila ulipomaliza sentensi ulinigeukia," alisema. "Ulikuwa unangoja nikuongezee."

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na majibu ya kujaza daftari zake zote, pamoja na zile nafasi tupu: kwamba mimi nilimwongezea yeye tangu siku ya koti, kwamba ni yeye aliyenizoesha, kwamba angeweza walau mara moja, pale kwenye Barnaba, kunihurumia. Ndege ilipita juu ya kanisa, na wote tukaingoja. Nilimtazama usoni muda wote ule, nikitafuta kama kuna mahali anafurahi. Hapakuwapo. Alikuwa anangoja tu, kama alivyoningoja sikuzote, asijue nitasema nini.

"Asante," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akainama, akaiokota Biblia yangu sakafuni, akaiweka kwapani pamoja na yake, akasema, "Twende."